Nondo Nilizoacha Juu ya Duka la Mama Sinkala

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na blanketi. Nilicheka moyoni, maana mtu aliyestaafu saa ya nini, ingawa blanketi nashukuru, baridi ya Mbozi mnaijua wenyewe. Kisha mmoja wenu akasema, "Mzee, tuandikie basi yale uliyoyapitia, tusije tukayarudia." Nimekaa na ombi hilo miezi minne. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa sababu vilikuwa vichache na havina la kumfundisha mtu. Nitawaandikia habari ya woga. Nimechora majengo ya wilaya hii karibu miaka thelathini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliishi nikiogopa kwamba jengo langu moja pale Tunduma lingeanguka na kuua watu.

Naanza mwanzo ili mnielewe. Nilitoka chuoni Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na rula ya T niliyoifunga kwenye kitenge cha mama yangu isije ikapinda garini. Pale ofisi ya ujenzi ya wilaya, Vwawa, nilionyeshwa meza, kiti kisicho na mgongo, na wembe. Ninyi mnachora kwa kompyuta na kosa linafutika kwa kidole. Sisi tulichora kwa wino juu ya karatasi ya kalki, ile inayopitisha mwanga, na kosa tulilikwangua kwa wembe, polepole, kama mama anayemnyoa mtoto mchanga. Wiki ya kwanza nilikwangua ukuta mmoja mpaka karatasi ikatoboka. Kwa kuogopa kuomba karatasi nyingine, nikachora dirisha mahali pa lile tundu. Dirisha hilo lipo mpaka leo kwenye nyumba ya mwalimu huko Itaka, na nimewahi kusikia likisifiwa kwa kuingiza jua la asubuhi.

Ndivyo nilivyo, na mke wangu atawathibitishia. Nikiogopa sisemi. Natafuta namna ya kulifunika jambo kwa kazi nzuri, na mara nyingi kazi inatoka nzuri kweli, ndiyo maana sikujirekebisha mapema.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa na cheti. Mzee Nzunda alikuwa msimamizi wa mafundi, mtu mfupi, mnyamavu, aliyejifunzia zege kwenye madaraja ya reli alipokuwa kijana. Timazi yake aliitia mfukoni kila aendako, hata kanisani. Zege bichi alilichota kwa kiganja, akalifumbata, akaliachia. Likibaki na alama za vidole bila kuchuruzika maji, aliitikia kwa kichwa na kazi ikaendelea. Siku ya kwanza aliponipeleka kukagua msingi nilibaki juu nikichungulia.

"Kijana, shuka shimoni," akaniambia. "Msanifu akitoka kwenye msingi na viatu safi, huyo hajaona kitu."

Nilishuka. Nilikuwa nimevaa viatu vya mahafali. Tangu siku hiyo alinifundisha amri moja ambayo nawapa ninyi kama alivyonipa: msingi usifukiwe kabla aliyeuchora hajauona kwa macho yake. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya jengo aijuaye ni aliyechimba. Wengine wote wanaona rangi tu.

Miaka ile kila mwenye uwezo alitaka nyumba ya kuigiza, yenye paa la migongo saba na nguzo nene mbele ya mlango kama za kanisa la Roma. Mimi nilipenda jengo lisilojificha. Zege lionekane zege, tofali lionekane tofali, kivuli kiwe kirefu, upepo upite. Nilifyatulisha matofali ya saruji yenye matundu, nikayapanga upande wa jua la mchana, na paa nikalifanya zege bapa. Watu walikuja kutazama wakiwa wamekunja mikono. "Nyumba gani hii haina kofia?" waliniuliza kila mahali, na nilijibu kwa maelezo marefu ambayo hakuna aliyeyataka.

Huko Chitete, siku ambazo hakuna aliyedhani patakuwa makao makuu ya wilaya, udongo ni mweusi na kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa ng'ombe. Zahanati ya kwanza niliyopewa kule niliinyanyua juu ya nguzo fupi, nikiiga maghala ya mahindi ya bibi zetu. Wafugaji waliohamia bondeni na mifugo yao waliizunguka, wakainama kuchungulia chini yake. Mzee mmoja akaniuliza kwa heshima zote, "Sasa daktari mnamweka juu ili asiliwe na panya?" Zahanati ile haijapata ufa mpaka leo, na naitaja kwa sababu ilichangia kosa langu kubwa. Nitafika huko.

Biashara zilipofunguliwa, Tunduma ikawa haikamatiki. Mtu aliyekuwa akiuza nyanya chini ya mwavuli alirudi baada ya misimu miwili akitaka fremu nne za maduka. Mmoja wa watu hao alikuwa Mama Sinkala, mjane, mwuzaji wa vitenge na mafuta ya kupikia, ambaye nusu ya ukoo wake uko Nakonde ng'ambo ya mpaka. Alipatana bei kwa Kibemba, alisali kwa Kinamwanga na aligomba kwa Kiswahili, akichomekea "mukwai", yaani bwana, kila alipotaka jambo. Mimi alinigombeza kuanzia siku ya kwanza, akanibatiza jina la Mtu wa Ramani.

Kiwanja chake kilikuwa kando ya barabara kuu, pazuri kuliko pote, ila chini palikuwa pabaya. Zamani watu walichimba pale udongo wa matofali, na shimo likafukiwa kwa majivu na takataka. Nilimweleza kwamba pale jengo liwe la chini tu, lisipandishwe ghorofa. Akakubali bila ubishi. Nikachora fremu nne zenye kivuli kirefu mbele na matofali ya matundu juu ya milango, na kila nguzo nikaipa besi ya futi tatu kwa tatu. Besi ni kile kitako cha zege ambacho nguzo inasimama juu yake ardhini. Kwa jengo la chini zilitosha. Kwa ghorofa, juu ya majivu yale, zingedidimia.

Siku ya kupiga kamba za kupimia msingi tulikuwa watatu kiwanjani, mimi, Mzee Nzunda na mwenye mali. Nilitandaza ramani juu ya boneti ya pikapu. Mama Sinkala hakuwa msomaji wa michoro, lakini alitia kidole pale pale penyewe.

"Na nondo za juu mbona sizioni, mukwai?"

"Za juu wapi, Mama?"

"Juu ya paa. Zitokeze. Kwa jirani zimetokeza futi tatu."

Nikamweleza kwamba nondo zinazotokeza juu ya nguzo ni za kuungia ghorofa, na hapa ghorofa haitakuwapo.

"Nani kasema najenga ghorofa? Nataka zionekane tu. Ukizikata, Tunduma nzima itasema Mama Sinkala ndiyo mwisho wake pale. Nani atamkopesha mzigo mtu aliyefika mwisho?"

Ninyi mliokulia huku hamhitaji kuelezwa. Mgeni akishuka Tunduma anaona vyuma vimesimama juu ya kila paa akadhani mji haujamalizwa. Haujamalizwa kweli, na kila mwenye nyumba angependa ujue hivyo. Paa lililokatwa nondo ni kama mtu aliyesema ameshiba.

Mzee Nzunda alikuwa akiviringisha kamba. Akasema bila kuinua macho, "Usiziache. Leo zinaonekana, kesho zitatumika. Fundi atakayekuja hataomba ramani, ataangalia vyuma."

Alisema kweli, na nilijua anasema kweli. Lakini nilitaka lile jengo kuliko nilivyowahi kutaka jengo lolote. Lilikuwa kwenye barabara kuu, kila msafiri wa kusini angeliona, na Mama Sinkala alikuwa ameshaanza kutaja jina la mchoraji mwingine. Nikatoa kalamu, nikachora nondo zitokeze futi tatu. Mzee Nzunda alinitazama kidogo.

"Haya. Wewe ndiye mwenye kalamu," akasema, akaenda kuendelea na kamba zake.

Juma lililofuata niliitwa Chitete kwa ajili ya ile zahanati. Nilikwenda kwa siku mbili, mvua ikakata barabara, nikakaa siku kumi na moja nikila ugali wa mtama na kuhesabu mawingu. Niliporudi Tunduma nilishukia kiwanjani moja kwa moja, na begi langu mkononi. Msingi ulikuwa umeshamwagwa na kufukiwa. Nguzo zimechomoza kwenye udongo ulioshindiliwa vizuri, na Mzee Nzunda ameketi juu ya ndoo akisafisha chepeo.

"Mvua ilikuwa inakuja," akasema. "Shimo likijaa maji ni kazi mara mbili."

Mtu aliyenifundisha amri alikuwa ameivunja mwenyewe. Nilitaka kumwuliza amemwaga nini mle chini. Lakini mafundi wake walikuwa wamesimama wanasikiliza, na tangu siku ya nondo tulikuwa hatujazungumza vizuri. Kumwuliza mbele yao ingekuwa kumwita mwizi wa zege. Kumwambia afukue ingekuwa kujilipizia. Nikajiambia nitamwuliza tukiwa wawili. Jioni ile nikasaini karatasi ya ukaguzi kwamba msingi nimeuona, ni sawa na ramani. Nilisaini, na tulipokuwa wawili sikuuliza. Siku moja ambayo hujauliza huzaa ya pili, na baada ya mwezi swali lenyewe linakuwa la aibu.

Jengo lilitoka zuri. Nasema bila haya kwamba lilikuwa zuri kuliko yote niliyochora. Mchana kivuli kilifika mpaka ukingo wa barabara na madereva wa malori walikaa pale wakisubiri kuvuka. Mzee Nzunda alistaafu akarudi kwake Itaka kwenye kahawa. Miaka ikapita, nikaamini nimeokoka.

Kisha siku moja, nikiwa garini kuelekea mpakani, nikaona mirunda ya kupandishia ghorofa imesimama juu ya paa langu. Nilimpigia kelele dereva asimame. Fundi aliyekuwa juu, mtu mchangamfu nisiyemjua, alinipungia mkono nilipojitambulisha.

"Mzee, nondo zako zimenyooka! Tumeunga tu, kazi haikuwa kazi."

Mama Sinkala nilimkuta ndani ya duka. "Mama, tulikubaliana jengo ni la chini," nikamwambia.

"Tulikubaliana. Lakini mji umekua, mukwai. Na nondo niliweka mimi? Si ulichora wewe?"

"Nilichora zionekane tu."

"Basi zimeonekana," akasema, akamgeukia mteja.

Nilirudi ofisini nikatoa ramani kwenye kabati. Nondo zilikuwa pale, kwa wino wangu. Karatasi ya ukaguzi ilikuwa pale, kwa sahihi yangu. Yeyote ambaye angezisoma angesema ghorofa ile ni halali, na mtu pekee pale ofisini aliyejua kwamba si halali alikuwa mimi, nami nisingeweza kusema bila kukiri kwamba nilisaini shimo nisiloliona. Sikusema. Ghorofa ikakamilika, na juu yake wakapanga chuo cha ushonaji. Wasichana ishirini na mwalimu wao, vyerehani vya miguu vimepangwa mistari miwili, vikinguruma kuanzia asubuhi mpaka saa kumi.

Hapo ndipo usingizi wangu ulipoisha. Kila mvua kubwa nilijua majivu yale chini yanalowa. Kila redio iliponiletea habari ya jengo lililoanguka popote pale, nilikaa chini nikangoja litajwe Tunduma. Niliona ufa kwenye ukuta wa nyuma wa ghorofa, mwembamba, umeshuka kwa mshazari kutoka dirishani. Kazi yetu ina dawa ya zamani ya kupima ufa. Unakata kipande chembamba cha kioo, unakibandika juu ya ufa kwa plasta, unaandika tarehe kwa penseli. Jengo likisogea, kioo kinakatika. Nikabandika vioo vitatu, nikimwambia mwalimu wa ushonaji ni utaratibu wa kawaida, na kila mwisho wa mwezi nikapanda basi kwenda kuvitazama. Methali ya ufa na ukuta nimesomewa mara nyingi sana. Wanaoisema hawajawahi kukaa na ufa mwezi baada ya mwezi.

Safari zile zilianza kusemwa. Mtu mzima anayekwenda Tunduma kila mwisho wa mwezi, anarudi ameinamisha kichwa, watu walishajua ana nini. Shoga yake mmoja akamletea mke wangu habari kwamba nina nyumba ndogo kule.

"Ingekuwa afadhali," mke wangu akamjibu. "Nyumba ndogo ningeiendea nikaifumua nywele. Ya huyu ni ya zege."

Yeye ndiye aliyeniambia niende kwa Mzee Nzunda. "Wewe nenda Itaka, kamwulize alichomwaga. Ni swali tu hilo. Halikugharimu hata soda." Nikanunua sukari na mkate, nikaenda. Mzee alikuwa amezeeka, anaanika kahawa kwenye chekeche, akafurahi kuniona. Tukazungumza habari za mvua, za wajukuu, za bei ya kahawa. Nikakaa mpaka jua likageuka, swali bado sijaliuliza. Ningeanza vipi? Ningesema, Mzee, nilisaini bila kuona, sasa niambie ulichofanya? Yeye aliyeniambia nondo zisiachwe?

Mwishowe ni yeye aliyeanza. "Lile la Tunduma vipi?"

"Lipo, Mzee."

"Wamepandisha?"

"Wamepandisha."

Akatabasamu, akaendelea kugeuza kahawa kwa kiganja. "Vizuri," akasema.

Nililisoma lile tabasamu kwa jinsi nilivyojiona nastahili. Nikaona ananiambia, si nilikwambia? Nikaaga haraka, nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba mzee hakumbuki kitu. Mwaka uliofuata tulimzika Itaka. Nililia sana, na watu walinisifu kwa kumpenda mwalimu wangu. Nilimpenda kweli. Lakini nililia pia kwa sababu mtu pekee aliyejua kilichomo mle chini alikuwa ameshuka nacho.

Kisha kioo kikakatika. Ilikuwa masika, mvua ya wiki nzima, na foleni ya malori ilikuwa imesimama mbele ya jengo injini zikinguruma. Nilipanda ngazi nikakuta kioo cha katikati kimegawanyika, safi, kama kimekatwa kwa rula. Nyuma yangu wasichana walikuwa wanashona sare za shule huku wanaimba. Mmoja alinisogezea kiti, "Shikamoo babu, karibu ukae." Sikukaa.

"Mwalimu," nikasema, "washushe. Wote. Sasa hivi."

Alinitazama usoni, akawashusha. Mama Sinkala alitoka dukani kwake akiwa amejifunika kitenge kichwani kwa ajili ya mvua, na watu wakajaa kama kawaida ya barabara kuu.

"Kuna nini, Mtu wa Ramani? Unawatoa watoto kwenye nyumba yangu kwa amri ya nani?"

"Mama, msingi wa jengo hili ni wa nyumba ya chini. Ghorofa hauwezi kuibeba."

"Uongo! Ramani si yako? Sahihi si yako?"

"Sahihi ni yangu," nikasema. "Msingi sikuuona. Nilisaini uongo."

Sijawahi kusikia kimya cha namna ile pale Tunduma, mahali ambapo hata misibani watu wanapatana bei. Mama Sinkala alipiga viganja mara moja, akashika kichwa. Kisha, na hili namheshimu nalo mpaka leo, aligeuka akaanza kusaidia kubeba vyerehani. Wasichana walivishusha kimoja kimoja kwenye mvua ile, wawili wawili kwa kila cherehani, na mimi nikabeba sanduku la nyuzi.

Chuo kilihamia Nanyala kwenye ghala la mtu, na nusu ya wasichana hawakufika kule kwa sababu ya nauli. Ghorofa ikafungwa. Neno likaenea kwamba jengo ni bovu, na wapangaji wa chini nao wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaiweka kabatini kwa unyenyekevu. Mhandisi aliyekuja kutazama alishauri tuchimbe pembeni ya besi moja tuone. Mama Sinkala akakataa katakata. "Mmeshaniharibia nyumba, sasa mnataka kunichimbia?" Ningeweza kumbembeleza. Ukweli ni kwamba nami nilishukuru alipokataa, kwa sababu niliogopa kukiona kwa macho kile nilichokuwa nakiogopa kwa miaka yote. Biashara yake ilisinyaa mpaka ikawa meza moja ya mafuta mbele ya fremu tupu. Hakuniitikia salamu tena.

Na jengo halikuanguka. Masika ikaja ikaenda, nyingine ikaja. Vioo viwili vilivyobaki vilikuwa vizima kila nilipochungulia. Sasa nitawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu isipokuwa mke wangu. Nilianza kutamani lianguke. Lilikuwa tupu, lisingemwumiza mtu, na lingeanguka ningekuwa nimeokoa roho ishirini na moja. Likisimama, nilikuwa nani? Siku moja kanisani nilijikuta namwomba Mungu aliangushe. Nilipogundua ninachoomba nilitoka nje katikati ya ibada.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, watu wa barabara walikuja na kopo la rangi nyekundu wakachora alama ya X kwenye kuta zote za upande ule. Barabara inapanuliwa. Nilisikia siku ya kubomoa, nikaenda asubuhi. Mama Sinkala alikuwa ameketi ng'ambo ya barabara kwenye kiti cha plastiki, na mjukuu wake wa kike amesimama nyuma yake. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Nilisimama hatua chache kutoka kwake, sikuthubutu kusogea.

Mtambo ulimaliza kuta kwa muda mfupi wa kusikitisha. Nikaona ule ufa ulikuwa wa tofali tupu, wa ukuta ambao fundi wa pili aliuweka juu ya slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa. Haukuigusa nguzo hata moja. Kilichokata kioo changu ni mtikisiko wa malori. Kisha mtambo ukashuka kwenye msingi, na pale ukagoma. Dereva alirudi nyuma, akaja tena, akazima injini, akatoa kichwa.

"Nani alizika mlima hapa?"

Nikashuka shimoni. Besi niliyoichora futi tatu ilikuwa futi sita. Chini yake majivu yote yalikuwa yametolewa mpaka kwenye udongo mgumu mwekundu, na pengo limejazwa mawe makubwa ya shamba, yamepangwa kwa mkono na kushikwa kwa zege, na kila besi imefungwa kwa mwenzake kwa mkanda wa zege na nondo. Nikapima kwa hatua, nikapima tena. Siku kumi na moja nilipokuwa Chitete, Mzee Nzunda aliziangalia nondo nilizochora akajenga msingi wa kuzibeba, na akafukia kabla sijarudi. Labda hakutaka nione nimerekebishwa mbele ya mafundi. Labda alingoja nimwulize ili anifundishe. Sijui, na hakuna wa kuniambia.

Nilipotoka shimoni, Mama Sinkala alikuwa amenyoosha shingo.

"Huyo ni Mtu wa Ramani? Sogea. Kuna nini huko chini? Macho yangu hayafiki."

Ningeweza kumjibu zege tu. Dereva asingejua, mjukuu asingejua, na mimi nilibakiwa na miezi michache kazini.

"Msingi mpana, Mama. Alijenga Mzee Nzunda, hakufuata ramani yangu."

"Ungebeba ghorofa?"

"Ungebeba hata mbili."

Mtambo ukawaka tena, akangoja mpaka mngurumo upungue.

"Nzunda hakukwambia?"

"Hakuniambia, Mama."

"Na wewe? Miaka yote ile unapanda na kushuka na vioo vyako. Yeye yuko hapo Itaka. Hukumwuliza?"

"Sikumwuliza. Niliona aibu."

Alinielekezea uso, ingawa najua hakuniona vizuri.

"Basi wale wasichana uliwaacha juu, ukijua watakufa, kwa kumwonea aibu fundi."

Alinyoosha mkono, mjukuu akamwinua, wakaondoka taratibu kuelekea upande wa mpaka, na kiti chake nikawabebea mimi mpaka kwenye kizuizi cha mpakani.